Mgema wa Kaunta

Glasi ni ndefu na nyembamba, na ukiitazama ubavuni unaona tabaka tatu zimelaliana. Chini kabisa upo wekundu mzito wa choya iliyochemshwa na sukari mpaka ikawa shira. Katikati, manjano ya pasheni yenye ukungu. Juu, ukanda mwembamba usio na rangi, ambao ni Konyagi iliyokwisha kulazwa kwenye barafu. Binti wa kaunta ameumimina ukanda huo wa mwisho polepole mno, akiupitisha juu ya mgongo wa kijiko kilichoegemea ukingo wa glasi, pumzi ameishika. Hakuna uchawi hapo, alinieleza: chenye sukari nyingi ni kizito, kitangulie, chenye pombe ni chepesi, kije mwisho, na mkono usiwe na papara. Akaisogeza glasi mbele yangu. "Usikoroge kwanza, mzee. Iangalie." Nikaiangalia. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta mfupi wa hoteli hii ya Kigoma, lilikuwapo ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa imeanza kulimeza jua. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mimi jioni ile nilikuwa chungu mwenye bahati: kifuu na bahari vimewekwa kwenye mstari mmoja wa macho.

Na bahari yenyewe ni ya tabaka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi. Kati ya maziwa yote ya dunia linazidiwa na Baikal peke yake. Lakini wavuvi wa Kibirizi na Katonga hawana shughuli na sehemu kubwa ya kina hicho, wala samaki hawana. Ukishuka mita 100 hivi huku kaskazini, au 200 na kitu kule kusini, oksijeni inakwisha. Maji ya juu yana joto zaidi, ni mepesi, yamejaa mwanga na pumzi. Ya chini yana baridi, ni mazito na meusi, na yamekaa huko kwa muda ambao hesabu za ukoo wowote haziufikii, bila kupanda kuja kusalimia. Kinachoyatenga ni nyuzi chache tu za joto, na zinatosha. Hata hivyo ni huko gizani kulikolala akiba ya chakula, maana kila kinachokufa juu huzama na virutubisho vyake. Juu kuna mwanga na njaa. Chini kuna shibe isiyo na pumzi. Kila mwaka, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, ziwa zima likainama, na kule kusini maji ya chini yakapata upenyo wa kupanda. Upepo ukitulia, tabaka zile huyumba huku na huku kwa muda mrefu. Mchanganyiko huo mdogo ndio unaolisha vijimea, vijimea vikalisha vijidudu, vijidudu vikalisha dagaa, dagaa wakamlisha mgebuka, na mgebuka akatulisha sisi. Mwaka 2003 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba kadiri maji ya juu yanavyozidi kupata joto ndivyo upepo unavyoshindwa kuyachanganya, na kwamba uzalishaji wa ziwa umekuwa ukipungua. Joto la dunia, kwa hiyo, ni mgongo wa kijiko: linalaza tabaka juu ya tabaka, kwa ustadi ule ule wa kaunta, na hakuna wa kuliambia sasa koroga.

Nikakoroga yangu. Wekundu ulipanda kwa mikia mikia, manjano yakachafuka, na baada ya mizunguko michache ya kijiko kilichobaki ni kinywaji cha rangi ya tofali, kitamu, chenye ukali unaochelewa kuja. Sikuona hasara. Lakini nilielewa kwa nini watu wengi siku hizi hupiga picha kwanza: tunalipia tabaka, halafu tunakunywa tofali.

Upo msemo mmoja wa Kiswahili ambao hakuna mtu wa kaunta asiyeufahamu, na ambao ungeweza kuandikwa juu ya kabati la chupa katika kila hoteli ya namna hii: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeuzoea msemo huu kama onyo juu ya kiburi. Mgema alisifiwa, akavimba kichwa, akaharibu kazi. Mimi nadhani wahenga walikuwa wakizungumzia pia hesabu. Mti hutoa kile unachotoa kwa siku moja. Sifa zikienea, wanywaji wanaongezeka, mti hauongezeki. Mgema aliyesimama na kibuyu kimoja mbele ya watu wa vibuyu vitatu ana njia mbili tu, kuwarudisha watu au kutia maji, na kuwarudisha watu kunahitaji moyo mgumu kuliko kutia maji. Huyu mgema wetu wa kaunta ametoka katika shida hiyo kwa mlango usiotarajiwa. Yeye analitia tembo maji hadharani, na ndimu, na barafu, na shira, na jani la mnanaa juu. Tena kadiri anavyotia ndivyo tunavyomsifu na ndivyo bei inavyopanda. Aibu ya mgema wa zamani imekuwa sanaa. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nimekunywa tembo lililotiwa maji na mtu mwenye aibu na nimekunywa Konyagi iliyotiwa choya na mtu mwenye ustadi, na nikipewa nafasi ya kuchagua sisiti.

Ziwa ndilo lisiloweza kutiwa maji. Dagaa wa Kigoma wamesifiwa mpaka Dar es Salaam, mpaka Lubumbashi, mpaka Zambia. Sifa zimeongeza mitumbwi na nyavu, karabai zikageuka taa za sola, na usiku usio na mwezi ukitazama kutoka kaunta hii unaweza kudhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mgema aliyesifiwa kupita kiasi na asiye na cha kuongeza hufikia siku ya kufunga duka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili. Nani alikuwa na subira ya kutosha miezi ile na nani hakuwa nayo, hiyo ni habari ya sahani, nami nimekuja kuzungumza habari za glasi.

Kilomita chache kusini mwa hapa, Ujiji, ndipo lilipofanyika tukio la kinywaji lililoandikwa zaidi katika historia ya ufuko huu, ingawa watu hulikumbuka kwa salamu. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipomkuta David Livingstone mwezi Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe ya tarehe, hakuwa amekuja na barua tu. Alikuwa na chupa ya shampeni ya Sillery, Ufaransa, na vikombe vya fedha. Wageni wa siku ile walikwisha kula vyakula walivyoletewa na wenyeji, maana Ujiji ilikuwa na watu wa kukirimu, na mgeni njoo mwenyeji apone. Halima, mpishi wa Livingstone, alikuwa ameshughulika hata akapitiliza. Ndipo Stanley akamwagiza Selim, kijana wa Yerusalemu aliyekuwa mkalimani wake, ailete ile chupa. Wakanywa kutakiana heri. Stanley ameieleza habari hiyo katika kitabu chake kwa furaha ya mtu aliyefanikiwa kufika na mzaha wake ukiwa mzima.

Mimi huwa siwezi kuipita chupa ile. Ilitoka Bagamoyo mwezi Machi. Ikavuka Ugogo kwenye jua, ikafika Unyanyembe vita vya mtemi Mirambo vikiwa vimefunga njia, ikazungushwa kusini kupitia nchi ya watu wengine na mito mingine, mpaka ikaliona ziwa. Miezi karibu minane. Mzigo wa pagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani, na shampeni, kama ajuavyo mtu yeyote aliyewahi kuibeba kwenye daladala kwenda harusini, ni kinywaji kisichotaka kutikiswa wala kupata joto. Sijui kwa nini haikupasuka. Ilinywewa bila barafu, katika mji ambao barafu haikuwahi kuonekana, kwa joto la kitu kilichokaa kwenye sanduku tangu pwani. Naapa ilikuwa na povu zaidi ya kinywaji. Lakini ladha haikuwa ndiyo shabaha. Shabaha ilikuwa kwamba mtu amekaa barazani Ujiji na mdomoni ana Ufaransa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya baa ya hoteli mahali popote: kumpa mpita njia mdomo wa kwao. Hoteli za leo za Kigoma zinapomuuzia daktari wa shirika la wakimbizi kinywaji alichokizoea Nairobi, au mtalii aliyetoka Gombe na tope kwenye viatu kinywaji alichokizoea kwao, zinafanya alichofanya Selim, isipokuwa zina jokofu.

Na Ujiji yenyewe ilikuwa na kinywaji chake. Msafiri wa Kiingereza Richard Burton, aliyefika na mwenzake Speke mwezi Februari 1858, aliandika juu ya michikichi ya nchi hii na tembo linalogemwa kutoka humo, kwa dharau yake ya kawaida kuhusu namna linavyogemwa na kwa kukiri kwamba wenyeji wanalipenda. Hiyo ndiyo michikichi tunayoijua kwa mawese, ambayo tangu 2018 serikali imerudi kuihimiza Kigoma yote kwa miche ya kituo cha utafiti cha Kihinga. Miche mingi inahesabiwa kwa mafuta yatakayotoka. Tembo halihesabiwi. Kwa miaka 13 kati ya Burton na Stanley, wageni waliingia Ujiji kwa njia ya misafara, wakauza na kununua, wakaandika. Na ukisoma walivyoandika utaona kinywaji cha mgeni kina jina, mji kilikotoka na aina ya kikombe, ilhali cha mwenyeji kina wingi tu: wanakunywa, wanalewa, wanapenda. Tabaka mbili, na kijiko kimegeuzwa mgongo katikati.

Kuna kitu kingine kilichomo katika glasi za hoteli ambacho kina ukoo mrefu huku kwetu, nacho ni uchungu. Gazeti moja la Hudson, jimbo la New York, mwaka 1806 liliieleza kokteli kuwa ni kileo cha aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Hizo dawa chungu zilikuwa za duka la dawa kabla ya kuwa za baa. Watu walizinywa kwa ajili ya tumbo, wakazitia pombe ili zipite kooni, wakatia sukari ili pombe ipite kooni, na mwishowe wakasahau tumbo. Nairobi walilikumbuka hilo kwa njia yao. Kinywaji kilichopata umaarufu kuliko vyote vya mchanganyiko katika Afrika Mashariki, kile cha mkahawa wa Carnivore cha vodka, ndimu na kijiti kilichozamishwa kwenye asali, kinaitwa Dawa, na hakuna anayeuliza inatibu nini. Lakini ufuko huu umewahi kuihitaji dawa yenyewe. Livingstone alikuwa na vidonge alivyovichanganya kwa mkono wake, vya kwinini, kalomeli, jalapu na rubabu. Kokteli ya kikatili, ila bila sherehe. Mwanzoni mwa 1867 mtoro mmoja wa msafara alitoweka na sanduku lake la dawa, na Livingstone aliliona jambo hilo kuwa ni hukumu ya kifo. Aliishi miaka mingine sita akitembea ndani ya hukumu hiyo, na mwili uliokutana na shampeni ya Ujiji ulikuwa mwili uliokosa kwinini.

Miaka ya vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani waliofungiwa njia ya bahari walitengeneza kwinini yao Amani, Usambara, kutokana na magome ya mkwinini waliokuwa wameupanda huko. Na walipokuwa mbali na Amani, askari wa Lettow-Vorbeck walichemsha magome wakanywa maji yake, machungu kupindukia, wakayapa jina la mkuu wao kana kwamba ni konyagi yake. Ng'ambo ya ziwa, kule Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kwa miongo mingi kutokana na miti ya Kivu. Kwa hiyo mtu anayeagiza jini na toniki kwenye kaunta hii, akidhani ameagiza Uingereza, mdomoni anapata uchungu ambao miti yake imeota nyuma ya milima ile ile anayoipigia picha. Sina hakika toniki ya chupa ile ilitoka wapi, na binti wa kaunta naye alipindua lebo akaishia kucheka. Lakini uchungu ni wa jirani.

Baa za Kigoma zimewahi kuingia hata katika kumbukumbu za mapinduzi. Mwaka 1965 Che Guevara, ambaye wapiganaji walimwita Tatu, alivuka kutoka Kigoma kwa boti mwezi Aprili kwenda kupigana Kongo na kurudi Kigoma mwezi Novemba akiwa ameshindwa. Katikati ya miezi hiyo mojawapo ya malalamiko yake makubwa lilikuwa kwamba viongozi waliotakiwa kuwa vitani walikuwa wakivuka kuja upande huu kustarehe, pombe na yote yanayofuatana nayo. Nusu karne kabla ya hapo, upande ule ule wa Kongo, alikuwapo yule kamanda wa Kiingereza Spicer-Simson, aliyezileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia nchi kavu ili apigane na meli za Wajerumani. Inasimuliwa kwamba alikuwa akioga hadharani huku amepewa glasi yake ya vermuti. Meli iliyokuwa kubwa kuliko zote ziwani enzi zake, Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 na Waingereza wakaja kuifufua kwa jina la Liemba, ilipata kuwa na baa yake humo ndani, ikayumba nayo kati ya Kigoma na Mpulungu kwa miaka chungu nzima. Nikiwaweka hawa wote kwenye benchi moja naona wanafanana kwa jambo moja. Kila mmoja alikunywa akitazama ng'ambo. Wa huku alitazama Kongo, wa Kongo alitazama huku, wa melini alitazama kote kuwili, na hakuna aliyekuwa akinywa kitu cha mahali alipokaa.

Nilimuuliza binti wa kaunta kwao ni wapi. Kasulu, akasema, na mama yake anapika pombe ya ndizi. Alilisema kwa sauti ya chini kidogo, si ya aibu, ni ile ya mtu anayetaja kazi ya nyumbani akiwa amevaa sare ya kazini. Basi nikamwomba anieleze, na hapo mikono yake, iliyokuwa imetulia sana juu ya kijiko, ikachangamka. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafukiwa shimoni kwa majani na joto mpaka ziive zote kwa pamoja, maana ndizi moja mbichi huharibu kundi. Humenywa, zikapondwapondwa na kukamuliwa pamoja na nyasi mpaka juisi itoke safi. Juisi hiyo watoto hupewa kwanza, bado ni tamu na haina kosa. Halafu maji, ndiyo, maji, kwa kipimo ambacho mama hakukiandika popote. Mtama uliokaangwa na kusagwa hufuata, chombo kikafunikwa kwa majani, kikaachwa pahali pa joto. Kesho yake kinachemka chenyewe bila moto. Wanywaji hukaa kukizunguka, mirija ikaelekea katikati, na katika Buha ya wazee, huko kwao, hapakuwa na posa, wala kulima kwa ushirika, wala kupatana baada ya ugomvi, ambako chombo hicho hakikuwapo. Nikamwuliza kwa nini hakuna tone la hiyo kwenye menyu. Akaniangalia kwa huruma. Haina nembo ya ubora ya TBS, mzee. Haina stempu ya kodi. Haikai wiki. Ukaguzi ukija, chupa isiyo na lebo inamfukuzisha mtu kazi. Nikataja bei ya glasi yangu, nikauliza kama mama anaijua. "Nilimwambia. Akauliza wanakunywa watu wangapi."

Sheria ina sababu zake, na mimi si mtu wa kuitukuza kila pombe kwa kuwa ni ya kienyeji. Gongo imepofusha watu. Viroba, hivyo vipakiti vya pombe vya kiwandani na vya nembo kamili, viliharibu vijana mpaka vikapigwa marufuku Machi 2017. Pombe si chai. Tena nusu ya ufuko huu haimo kabisa katika habari hii: Ujiji ni mji wa misikiti, wa barazani penye kahawa chungu na kashata, na Kigoma imewahi kuwa na hoteli yenye jina kubwa isiyouza kileo hata kidogo, ambapo mtu alitazama jua lile lile na juisi mkononi na jua halikulalamika. Ninachosema ni kidogo zaidi. Katika glasi ya tabaka tatu iliyowekwa mbele yangu, ubunifu wote ulifanyika juu, kwenye maji yenye mwanga: shira, kijiko, rangi. Ujuzi wa namna ya kuivisha ndizi mia kwa siku moja, wa kujua kwa pua kwamba leo chombo kiko tayari na kesho kitakuwa siki, umelala chini, na yule anayeujua amesimama nyuma ya kaunta akimimina Konyagi. Tabaka zote mbili zimo katika mtu mmoja. Upepo ndio haujavuma.

Au umeanza. Aliniambia kwamba shira ya tangawizi anayoitumia haifanyi kwa maelekezo ya kozi aliyosomea. Anaichemsha namna mama yake anavyochemsha, kwa asali ya nyuki wa porini badala ya sukari, na kuiacha usiku mzima ifanye ukali. Wageni huiulizia. Meneja ameipa jina la Kiingereza. Kahawa ya Manyovu, ambayo kwa miaka mingi ilipanda lori ikaenda kuwa fahari ya nchi za watu, sasa inaingia katika kinywaji kimoja cha usiku pamoja na kileo na sukari kidogo, na hicho kina uchungu wa kweli. Hivyo ni vitu vidogo. Dagaa nao ni wadogo.

Mtu akikaa sana baa huanza kuwaza habari za wanyama. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyeshuka Gombe mwezi Julai 1960 akiwa na mama yake Vanne, alisimulia kwamba yeye na mama yake walikuwa na desturi ya tone la wiski saa moja jioni, kila mmoja popote alipo, kukumbukana. Desturi aliyoendelea nayo hata mama alipokwisha kufa. Na mwaka 2015 watafiti waliokuwa wakiwafuatilia sokwe wa Bossou, Guinea, walichapisha taarifa ya miaka 17: sokwe wale hupanda mtini, wakatafuna majani yakawa sifongo, wakayachovya kwenye vyombo vya wagema wa kijijini na kunyonya tembo, nyakati nyingine wakiwa wengi, wakipokezana. Sokwe wa Gombe nao hutumia majani hivyo hivyo kunywea maji. Kilichokosekana Gombe ni mgema tu. Naona mama wa Kasulu angewaelewa wale wa Bossou upesi kuliko alivyoielewa glasi yangu.

Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, kwa miaka mingi pamekuwa na sanamu mbili za kimo cha mtu, Stanley na Livingstone, kofia mkononi, wakiamkiana. Mahali walipokutana ziwa limekwisha kupaacha, maana baada ya 1878 maji yalipata njia ya Lukuga yakashuka mita kadhaa, ingawa miaka ya karibuni yamepanda tena yakamrudia kila aliyejenga ufukoni. Sanamu zile zimetengenezwa kwa bidii na watoto wa shule huzicheka kwa heshima. Ningekuwa na sauti katika jambo hilo ningeomba ya tatu: pagazi, anashusha frasila mbili kutoka begani, shingo imekakamaa, na ndani ya sanduku, katikati ya majani makavu, inaonekana shingo ya chupa. Kama fedha hazitoshi kwa sanamu nzima, wafanye sanduku peke yake. Na Halima awepo karibu, anahesabu vikombe.